Elimu ya Kutazama

Pana usemi uliozagaa miongoni mwa vijana wetu kwamba mtu aweza kuwa fundi wa programu za kompyuta kwa majuma 6, almuradi ana simu, bando la intaneti, na ada ya jukwaa la masomo ya mtandaoni. Usemi huu wapendeza masikioni. Mimi naushitaki mbele yenu, ninyi mlio shuleni, kwa sababu ninyi na wazazi wenu ndio mtakaoulipia.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kila programu itumiwayo na watu wengi ina pande mbili. Upande mmoja huonekana: rangi, vitufe na maandishi yaliyo katika kioo cha simu. Upande wa pili hauonekani. Umo katika kompyuta iitwayo seva, ambayo huenda iko mbali sana na mtumiaji, nayo hupokea ombi, hulipima, husoma na kuandika katika hifadhidata, kisha hurudisha jibu. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, Wakenya wamezoea kupelekeana fedha kwa simu. Mama aliye Busia ampelekeapo mwanawe aliye Mombasa shilingi 500, aonacho ni ujumbe mfupi tu. Lakini katika mfumo wowote wa namna hiyo mambo mawili hayana budi kutendeka: fedha zipunguzwe katika hesabu ya mama, kisha ziongezwe katika hesabu ya mwana. Je, umeme ukikatika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili? Shilingi 500 zimekwenda wapi? Mwandishi wa programu za seva ni mtu aliyekwisha kukosa usingizi kwa swali kama hili, akajifunza kuyafunga mambo hayo kwa fundo moja: ama yatimie yote mawili, au lisitimie hata moja.

Sasa tazama jinsi elimu hii inavyouzwa. Mwalimu mwenye sauti tamu huonekana katika video akiandika mistari thelathini ya programu, nayo hukubali mara ya kwanza. Mwanafunzi hunakili mistari ile ile, naye hukubaliwa. Alama ya vema hutokea, na somo la pili hufunguka. Hapana aliyemwambia kwamba mwalimu naye alikosea mara kumi kabla ya video kukatwa na kuunganishwa. Alivyokosea, alivyousoma ujumbe wa kosa, alivyokisia sababu na kuijaribu, hayo ndiyo yaliyokuwa somo. Nayo yamefagiliwa nje ili wanunuzi wasichoke.

Nasema haya kwa aibu yangu mwenyewe. Nilitazama masomo ya saa 40 katika jukwaa moja nisilolitaja, nikapewa cheti chenye jina langu kwa herufi za kuvutia. Haukupita mwezi, jirani yangu mwenye duka akaniomba nimtengenezee programu ya kuandika mali na madeni. Nikafungua ukurasa mtupu nikaukodolea macho mpaka chai ikapoa. Sikujua mstari wa kwanza uwe upi, maana kila mstari niliopata kuuandika ulitanguliwa na mkono wa mtu mwingine. Hatimaye nikaandika kitu, kikatumika siku tatu. Siku ya nne wauzaji wake wawili waliuza mfuko wa mwisho wa sukari kwa dakika moja, kila mmoja kwa simu yake, na hifadhidata ikasema kuwa dukani mna mifuko kasoro mmoja. Programu ilikuwa imewaruhusu wote wawili kuisoma hesabu kabla ya yeyote kuiandika upya. Kosa hilo nililifuatia usiku tatu katika kurasa kavu za maelezo ya hifadhidata, ambazo hazina muziki wala mwalimu mcheshi. Usiku ule nilijifunza zaidi ya saa zote 40.

Watetezi watasema kuwa majukwaa yamewafungulia maskini milango ya vyuo vikuu. Sikatai. Mwaka 2011 somo moja la akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, liliandikisha watu wapatao 160,000 bila ada, na freeCodeCamp, iliyoanzishwa mwaka 2014, yafundisha bure hata leo. Wanaotoa namna hii wastahili shukrani. Lakini kufungua mlango si kumfikisha mtu ndani. Uchunguzi wa masomo ya mtandaoni ya vyuo vya Harvard na MIT, uliotangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa katika mwaka wa masomo wa 2017–18 walioyamaliza walikuwa kama 3 katika kila 100. Mtajibu kwamba wengi walijiandikisha kwa udadisi tu. Haya, na waliolipia cheti je? Hao nao hawakufika nusu. Na hesabu hiyo ni ya waliomaliza, haisemi ni wangapi kati yao wangeweza kuandika programu ya duka.

Kuna dhana nyingine inayoniudhi zaidi, nayo ni kwamba shule isiyo na mtandao haiwezi kufundisha kazi ya seva. Dhana hii yawafaa wauzao bando. Lugha ya Python hutolewa bure, na tangu mwaka 2006 huja na njia ya kutumia hifadhidata ya SQLite. Ukiisha kuitia katika kompyuta, waweza kuandika seva yako na kuifanya kompyuta ile ile iwe muulizaji na mjibuji, bila waya wa kutoka nje. Waweza kuiua katikati ya kazi ili uone fedha zako za kubuni zimekwama wapi. Waweza kumwomba mwenzako aandike upuuzi mahali pa jina lake, uone kama programu itastahimili. Anwani ya seva hiyo ni 127.0.0.1. Kila kompyuta iliyo katika maabara ya shule yenu inayo tayari, na kuitembelea hakutozwi hata senti moja.