Mpelekeni mtoto kwa bibi kabla ya msiba

Wiki hii nina neno na nyie vijana wenzangu mliooana na kuzaa hapa mjini. Hebu jiulizeni, mara ya mwisho mlipokwenda kijijini kulikuwa na nini? Jibu nalijua. Msiba! Basi la kukodi, turubai, siku ya tatu mmegeuza, haooo Dar. Mtoto anakua akijua kijijini ni mahali pa kwenda kulia tu.

Mimi nikasema hapana. Bibi yangu mzaa mama yuko Matombo, huko milima ya Uluguru. Umri umekwenda, macho hayaoni vizuri, lakini mdomo bado wa moto. Binti yangu ana miezi mitano, kitukuu wake wa kwanza. Nikamwambia Baba Mtoto, Jumamosi tunakwenda. Akaguna. Yeye Mchaga bwana, safari ya nyumbani anayoijua ni ya Desemba, tena kwao!

Kwenda Moro siku hizi si kasheshe kama zamani. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar, na ndani ya saa mbili mmefika, mtoto hajamaliza hata usingizi. Shughuli inaanza baada ya hapo. Mnashika njia ya Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, kona juu ya kona, huku migomba, huku bonde. Na mizigo sasa! Kadi ya kliniki, chandarua cha mtoto, nepi, kanga tatu, sukari na sabuni za Bibi. Baba Mtoto alibeba vyote kama kuli wa bandarini.

Kufika tu, Bibi akanipokea kwa utani wake, "Karibu mke mwenzangu!" Baba Mtoto akaamkia, "Shikamoo Bibi." Akajibiwa, "Marahaba mume wangu, mbona umekonda, huyu hakupikii?" Tukacheka mpaka mtoto akashtuka.

Mshikemshike wa kwanza ulikuwa uji. Bibi kaukoroga mapema, anataka kitukuu aonje. Nikampigia magoti nikamwambia, "Bibi, kliniki wanasema maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6 itimie, hata maji hapana." Akakunja uso. Sasa jina Matombo kwa Kiluguru maana yake ni matiti, usicheke, ni kwa ajili ya vilele viwili vya mlima vilivyosimama pale. Nikamwambia, "Tumekuja Matombo Bibi, acha mtoto anyonye." Akacheka, uji akapewa Baba Mtoto.

Lakini kisa chenyewe kilikuwa Jumapili asubuhi. Bibi akaagiza aitwe mjomba, wakaja na majirani wawili watatu. Akampakata mtoto, akasema bila kupepesa, "Huyu ni mtoto wetu. Shamba la migomba kule chini mama yake ana sehemu, na yeye ana sehemu. Msije mkasema hamkuambiwa."

Kimya. Mjomba akatazama chini. Wanaolima shamba lile ni wanawe. Na hapo ndipo penye mambo, kwa sababu kwa Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na mashamba ya ukoo yanafuata njia hiyo hiyo. Watoto wa mjomba ni wa ukoo wa mama yao. Binti yangu, aliyezaliwa Dar na hajui hata kukaa, ndiye wa ukoo wa Bibi. Mwisho mjomba akainua kichwa, akasema, "Nimesikia mama." Akamchukua mtoto, akambeba hadi shambani, akatuonyesha mpaka, mnazi hadi mnazi.

Baba Mtoto uzalendo ukamshinda. "Sasa Bibi, mimi nimo wapi hapo?" Maana kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Bibi akamjibu, "Wewe jina chukua, ni lako. Ukoo ni wetu." Njia nzima ya kurudi jamaa kanuna, lakini hapo Mkuyuni nikamsikia anamnong'oneza mwanae, "Tajiri wangu wa ndizi." Mtoto mwenye kwao kuwili amekosa nini, jamani?

Najua wapo watakaosema sheria ipo. Kweli ipo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kumiliki ardhi. Lakini sheria haijui mpaka wa shamba unapita mnazi upi. Anayejua ni bibi, na bibi hana nakala. Ukisubiri msiba, utamkuta nani wa kukuonyesha? Kila mtu analia, na wengine wanalia huku wanapima hatua.

Kwa hiyo kabla ya kuchangia send-off ya mtu usiyemjua, weka nauli pembeni. Nenda mtoto angali wa kubebwa, na mzee angali wa kusema. Beba chandarua, beba sukari, na uji mwachie baba.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.