Haki za Watu Si Bei ya Kiti

Walimu wenzangu wa hapa Kangari wameniuliza mara si moja kwa nini nilijiuzulu kutoka chama cha kutetea haki za watumiaji wa intaneti nilichokitumikia kwa miaka kadhaa. Wengine wamenilaumu kuwa nimeyapa mgongo mapambano yangali moto. Ni haki yao kuuliza, nami ni wajibu wangu kujibu. Chama chenyewe sitakitaja, kwani maradhi haya si yake peke yake.

Miongoni mwa mambo tuliyoyapinga ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni, iliyotiwa saini Mei 2018. Kifungu chake cha 23 kilimtisha yeyote ambaye angechapisha habari za uongo zenye kuzua taharuki, au zinazoweza kumvunjia mtu heshima, kwa faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 10, au adhabu zote mbili. Mtu wa kwanza kuupima uongo huo angekuwa polisi. Hakimu angefuata baadaye, mshukiwa akiwa amekwisha kuonja korokoro.

Viongozi wetu walipoalikwa kuketi na wakubwa, walirejea na ahadi ya kiti katika kamati ya mashauriano. Malipo yake yalikuwa kimya chetu kuhusu kifungu hicho. Tuliporuka, tulikumbushwa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sikatai kuinama. Siasa isiyo na maafikiano ni ugomvi mtupu, na kuafikiana juu ya muda, gharama au utaratibu ni busara. Hata hivyo, uhuru wa kujieleza, ambao Katiba ya 2010 inaulinda katika kifungu cha 33, si mali ya kamati yoyote. Mkulima wa chai wa Kangari haitaji kufunzwa jambo hili. Mjumbe aliyetumwa kuichunga mizani kituoni hana idhini ya kukubali kilo za wenzake zipunguzwe ili yeye apewe kiti kivulini.

Nimeambiwa pia kwamba kukataa hakuzai matunda. Mbona yapo? Aprili 2016, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, baada ya raia mmoja aliyeshtakiwa kwa maandishi yake ya Facebook kwenda kukipinga. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyofikishwa kortini na Nubian Rights Forum na wenzao, serikali ilikatazwa kukusanya chembechembe za DNA za wananchi. Ni kweli kwamba mwezi uliofuata jaji aliipitisha ile sheria ya 2018. Lakini aliyeshindwa kortini ana nafasi ya kukata rufani. Aliyeuza haki yake kwa hiari atakata rufani kwa nani?

Sisi walimu tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kesho yake akawa maiti mikononi mwa polisi. Walidai kwanza kuwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukayakanusha maelezo hayo. Baada ya kifo hicho, ni nani atakayeniambia kuwa kifungu cha habari za uongo ni jambo dogo la kubadilishana mezani?

Kwenu wanafunzi, siwashauri mvikimbie vyama. Jiungeni navyo, ila kabla ya kulipa ada ulizeni: viongozi wanaruhusiwa kukubali nini bila kurudi kwa wanachama? Kumbukumbu za mikutano yao na serikali zinasomwa na nani? Chama kisichoweza kuyajibu maswali hayo hadharani hakifai kukabidhiwa sauti zenu.

Nami ningali katika kazi ileile. Kila Ijumaa jioni vijana hunijia na nakala ya Katiba, tukaisoma kifungu baada ya kifungu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.