Ndege ya makopo nayo inastahili picha safi

Katika miaka hii yote ya vita, picha nyingi zimepigwa katika kambi za wahami huko Kivu ya Kaskazini. Mahema, foleni ya maji, mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani. Lakini kuna kitu ambacho hupigwa vibaya karibu kila mara, nacho ni kazi ya mikono ya vijana.

Mtoto akitengeneza ndege kwa waya, makopo ya mafuta na vipande vya karatoni, mwenye simu humwambia aiinue juu, kisha anabonyeza na kuondoka. Uso wa mtoto unaonekana vizuri, na nguo zake zilizochanika pia. Ndege yenyewe imekuwa ukungu. Atakayepokea picha hiyo ataona maskini, hataona fundi. Hilo ni kosa, na kulirekebisha hakuombi pesa.

Kazi yenyewe si ndogo. Let 410, ndege ambayo watu wengi wa Kivu wanaifahamu, ina urefu wa mita 14 na zaidi. Ukiipunguza mara 72, unapata ndege ya sentimeta 20 hivi. Kijana anayeijenga hana ramani. Anakumbuka tu ile iliyopita juu ya nyumba yao: mabawa yanakaa juu ya madirisha, injini ni mbili, mkia umesimama. Kwenda uwanjani kupiga picha ndege ya kweli ili aige si salama, maana kunaweza kumletea matatizo na walinzi. Kwa hiyo anapima kwa jicho. Akikosea, anabomoa na kuanza tena.

Nchi hii imekwisha kuona kazi kama hiyo inafika wapi. Bodys Isek Kingelez alijenga miji midogo Kinshasa kwa karatasi, karatoni na plastiki. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA, mjini New York, liliipa maonyesho makubwa. Wakongomani wengi hawakufika huko. Wanaijua kwa picha tu. Na katika picha hizo mtu anaweza kuhesabu madirisha ya kila jengo.

Wengine watasema: watu wana njaa, picha ya ndege ya makopo itawasaidia nini? Swali ni la haki. Picha haipiki ugali. Lakini mnunuzi aliye Kampala au Bruxelles hawezi kulipia kitu asichokiona. Tena kuna jambo zito zaidi. Risasi zikianza, familia inabeba sufuria, mkeka na watoto. Ndege inabaki, na hema likianguka inapondwa. Picha iliyo ndani ya simu ndiyo pekee inayokimbia pamoja na mwenyewe. Ikiwa ni ya ukungu, kazi ya majuma mawili imepotea kabisa.

Na kuipiga vizuri kunaomba dakika tano tu. Kioo cha kamera kipanguswe kwanza kwa kitambaa safi. Ndege iwekwe kivulini, nje, asubuhi; ndani ya hema la bluu kila kitu kinakuwa bluu, na taa ya simu inafanya kopo ling'ae hadi misumari isionekane. Chini yake utandikwe mfuko mweupe wa unga, kwa sababu waya mweusi unapotea juu ya mawe ya volkano. Simu isisogezwe karibu mno: ikikaribia sana, pua inaonekana na mkia unapotea. Mpigaji arudi nyuma kiasi cha mkono mmoja, ndege ikae ubavu ili pua na mkia viwe mbali sawasawa na simu, kisha aguse kioo palipo na madirisha. Simu iegemezwe kwenye jiwe, chini, usawa wa magurudumu. Sehemu zisizohitajika zikatwe baadaye. Picha ya pili iwe na kiberiti pembeni, ili anayeangalia ajue ukubwa wake.

Wafanyakazi wa mashirika, waandishi wa habari na wageni wanaotembelea wahami wana simu nzuri kuliko za wenyeji wao. Hao ndio wa kwanza kuombwa hizo dakika tano. Wamrudishie kijana picha yake, na kama yeye na wazazi wake wanakubali, jina lake liandikwe chini. Uso wake si lazima.

Wazazi nao wasingoje mgeni. Ndege ikimalizika leo, ipigwe leo, kabla ya mvua na kabla ya safari nyingine.