Gari ya Kifahari ya Milioni Moja Bado ni Gari ya Milioni Sita

Wasee, leo wacha tuongee ukweli kuhusu kitu kinachotupata kila Disemba sisi watu wa Ukambani, na hakuna mtu anataka kukisema: yale magari makubwa ya mitumba tunayokuja nayo ushago.

Kabla mnirukie, mimi pia nayapenda. Nikiona BMW nyeusi imeoshwa vizuri shingo inageuka yenyewe. Kwa hivyo hii sio stori ya wivu. Ni stori ya karo yangu.

Disemba mwaka juzi brathe wangu alinunua gari ya Kijerumani, modeli ya 2010, namba za KC. Ndani ni ngozi, ukifunga mlango unasikia ule mlio mzito kama wa friji mpya. Bei? Sh1.2 milioni. Sh400,000 ilikuwa akiba yake. Sh800,000 alikopa kwa sacco, na mathe akawa mmoja wa wadhamini. Hiyo sehemu ya mathe ikumbukeni, tutairudia.

Tukatoka Nairobi tukiwa wawili, muziki juu, kiyoyozi baridi. Mombasa Road safi. Machakos safi. Halafu Mbooni ikaanza. Kama hujawahi kufika kwetu, jua tu kwamba ni milima: barabara inapanda, inakata kona, inapanda tena, na mashamba ya matuta huku na huku. Tukiwa katikati ya mlima taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umepanda.

Nikamwambia, "Bro, simama."

Akasema, "Tumekaribia. Siwezi fungua boneti hapa, wasee wa soko wataniona."

Hapo ndipo pesa ilipotea, wasee, kwa hiyo sentensi. Tungesimama pale pale pengine tungelipa bei ya paipu moja ya plastiki. Tuliendelea kama kilomita mbili hivi, mpaka moshi ukatoka na gari ikazima yenyewe.

Aliyetuokoa ni jamaa wa Probox aliyekuwa amebeba kreti za maembe mpaka dirishani. Alisimama, akatoa jerikeni ya maji, akatuonya tusifungue kifuniko cha rejeta kabla injini ipoe, tusichomeke uso. Baadaye akatupakia pamoja na maembe yake. Ndivyo brathe alivyofika kwa Susu na gari yake mpya: amekalia kreti.

Susu akauliza, "Na hiyo gari tuliyoambiwa iko wapi?"

"Iko hapo chini Susu, imepumzika."

Ilipumzika sana. Fundi alipoifungua alikuta silinda hedi imepinda kwa joto na gasketi imekwisha. Hesabu yote, pamoja na kuivuta mpaka Nairobi, ilifika Sh310,000. Brathe hakuwa nayo, juu kila senti ilikuwa imeingia kwa kununua.

Sasa hoja yangu ni hii. Gari ya kifahari ikizeeka, bei ya kuinunua inashuka, lakini bei ya kuitunza haishuki nayo. Iliyouzwa milioni sita ikiwa mpya inaweza kukufikia kwa milioni moja, lakini spea zake bado ni za gari ya milioni sita. Sensa haijui kwamba wewe ni mmiliki wa nne. Na kwa sababu gari imezeeka, inazihitaji hizo spea mara nyingi kuliko yule wa kwanza aliyeinunua ikiwa na waranti. Yeye alikula raha, wewe umeachiwa bili.

Na sio bahati mbaya ya mtu mmoja. Mengi yanajulikana hata kabla hujalipa. BMW zenye injini ya N20, hasa za kati ya 2012 na 2015, zina sifa mbaya ya cheni ya taimingi, juu vishikilio vyake vya plastiki huvunjika. Audi za 2.0 TFSI za karibu 2009 hadi 2011 zinajulikana kwa kunywa oili. Mercedes zenye Airmatic na Land Rover Discovery 3 zenye suspensheni ya hewa zinabebwa na mifuko ya mpira. Mfuko ukipasuka hewa inavuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka nayo inakufa. Asubuhi unakuta gari imelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa.

Ongeza na tairi. BMW nyingi hazibebi tairi ya akiba, zinakuja na zile za kutembea hata zikiwa hazina upepo, ambazo kwa kawaida zinakupa kama kilomita 80 kwa mwendo wa polepole. Ulaya hiyo inakutosha kufika dukani. Uko ndani kabisa Mbooni, kwa barabara ya mawe, hizo kilomita 80 zinakufikisha kwa duka gani la tairi za rimu ya 18?

Mtu ataniuliza, basi kwa nini bei inaonekana tamu hivo? Angalia sheria zetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari ya zaidi ya miaka 8. Tena Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo gari inayoingia saa hii ni ghali sana, na ile ya 2010 iliyo hapa tayari inaonekana kama zawadi. Lakini hiyo "zawadi" imekula mashimo na matuta yetu kwa miaka mingi, na huenda oili ilibadilishwa pale tu mwenyewe alipokumbuka.

Niwe fair. Kuna watu wanaendesha hizi gari na wana raha. Namjua mwalimu mmoja ana Mercedes ya zamani na inatembea kama saa. Nilimuuliza siri yake, akaniambia alitafuta fundi kwanza, gari baadaye. Alilipa iskaniwe na kuinuliwa juu kabla ya kutoa pesa, akaomba rekodi zote za sevisi, na kila mwezi anaweka kando pesa ya spea hata kama hakuna kilichoharibika. Anajua anachomiliki. Na hizi gari zina mazuri ya kweli: breki, mikoba ya hewa, jinsi zinavyoshika kona. Sio show tu.

Kwa hivyo sisemi usinunue. Nasema kama una Sh1.2 milioni, tafuta gari ya laki nane, hiyo nyingine ibaki benki ikingoja siku ya mlima. Kama gari unayotaka inamaliza pesa yote na inahitaji mkopo juu yake, hiyo gari bado hujaifikia. Na kama bado unaitaka, basi taa nyekundu ikiwaka simama, hata kama soko lote la Tawa linakuangalia.

Lakini kinachoniuma zaidi sio injini. Ni kwamba tunanunua gari kwa macho ya watu halafu tunawawekea bili watu ambao hawakuiomba. Brathe aliuza ile gari ikiwa haiwaki, Sh450,000. Mkopo ulibaki. Miezi michache baadaye alishindwa kulipa, na sacco ikafanya vile wadhamini wote huambiwa wakisaini: ikakata akiba zao. Sehemu ya akiba ya mathe ilikuwa karo yangu. Nikakaa nyumbani muhula mzima nikisaidia kuchuma maembe, na kila Probox iliyopita nilikuwa naisalimia kwa heshima.

Hatukugombana na brathe. Ni mtu mzuri, alitaka tu mathe ajivunie, na sisi wenyewe ndio tulikuwa tukimuuliza kila Disemba, "Bado unakuja na matatu?" Hilo swali tuliuliza wengi, na mimi nikiwa ndani. Kwa hivyo bili yangu nadhani nilisaidia kuiandika.

Nilirudi chuo Septemba. Brathe anamrudishia mathe pesa kidogo kidogo kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi. Mathe hajawahi kusema chochote kuhusu ile gari. Ila juzi binamu yetu alikuja kumwomba amdhamini mkopo, na kabla hata hajamaliza kueleza, mathe alimuuliza swali moja tu:

"Ni wa gari?"