Santuri Yetu Inazunguka Dunia, Majengo Inairuka

Kuna watu wawili wanaonichosha. Wa kwanza anasema rock ni muziki wa wazungu. Wa pili anasema santuri ni mchezo wa matajiri wa Kilimani. Wote wanabahatisha, na kubahatisha kwao kunamnyima kijana wa Majengo kitu ambacho ni chake.

Tuanze na wa kwanza. Mwaka 2020 wasee wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya kwanza kwa jina la Duma, neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Hawakuwa watoto wanaojaribu gitaa. Walishapikwa kwenye bendi za metal za hapa mjini, kama Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Walirekodi Kampala, lebo ya Nyege Nyege Tapes ikaitoa hadi kwa santuri, na Ulaya ikasimama kusikiliza.

Uzungu uko wapi hapo? Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ni kitukuu wa Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau. Mwaka 2024 alitoa The Adept kupitia lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Eastlands inaijua historia hiyo: Aprili 1954 wanajeshi wa Mwingereza walizingira mitaa hii na kuwasomba watu kwa maelfu. Mwenye urithi kama huo akipiga mayowe kwenye maiki, hajaazima hasira ya mtu.

Sasa wa pili. Miaka ya 70 santuri ilikuwa bidhaa ya mwananchi. Zile ndogo za wimbo mmoja kila upande zilichapwa hapa hapa Nairobi, zikauzwa River Road, zikapanda basi hadi Kisumu na Machakos. Fundi alinunua, mwenye baa alinunua. Halafu zikaja kaseti, nyingi za wizi, na uchapaji ukafa. Santuri haikuzaliwa anasa. Ilifanywa anasa siku tulipoacha kuichapa. Mwaka 2013 Soundway ya London ikakusanya ngoma zetu za zamani, ikaziuza kama Kenya Special. Sisi tulizitupa, wao wakazipangusa vumbi.

Utaniambia kila kitu kiko kwenye simu. Sawa, mpaka bando iishe, au lebo iondoe albamu usiku mmoja. Sahani haiulizi bando. Muulize Jimmy Rugami pale Kenyatta Market, ambaye kibanda chake kimejaa sahani zilizowazidi umri wanunuzi wake.

Lakini wanabendi nao wasijifiche. Santuri mpya, ukiongeza usafiri na ushuru, inakaribia kodi ya mwezi ya chumba hapa mtaani. Ukichapa mia tatu na zote zikaenda Berlin, usilalamike kwamba mtaa hauelewi rock. Mtaa hujaupa nafasi ya kuikataa.

Kwa hiyo mkichapa, tengeni chache za nyumbani. Leteni moja kwenye ukumbi wa Pumwani au Kaloleni, pamoja na spika za maana, kiingilio shilingi hamsini. Wengine watatoka wakiziba masikio. Poa tu. Lakini kuna mmoja atabaki mbele ya spika hadi mwisho, na huyo ndiye bendi yenu inayofuata.