Mzee Majuto na Karatasi Alizotia Sahihi

Amri Athumani, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti, 2018. Alianza kuchekesha hadharani akali mtoto, mwaka 1958, na kazi hiyo hakuiacha hadi maradhi yalipomlaza. Miaka sitini katika fani moja si kitu kidogo.

Hapa visiwani hakuwa mgeni. Tanga na Pemba ni majirani wa bahari moja, na lafudhi yake ilikuwa ya watu wa pwani. Kanda zake, na baadaye santuri za picha, zilitazamwa barazani hata na wazee wasiopenda mambo ya sinema. Hakuhitaji maneno mengi. Alikunja uso, akanyamaza kidogo, watu wakawa wamekwisha kucheka. Aliigiza baba mbishi, mzee mwenye tamaa, mume anayeumbuliwa na hila zake mwenyewe. Na kila mtaa ulimtambua mtu wake humo.

Lakini msiba wake ulifunua jambo lisilochekesha. Alipougua, mwaka 2018, ilibidi kutafuta msaada ili apelekwe India kutibiwa. Wananchi wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: mtu ambaye sura yake iliuza kanda na kutangaza bidhaa kwa miaka mingi, fedha zake zilikwenda wapi? Mwaka huo huo Waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, ikiwamo ya Mzee Majuto.

Hatusemi kuwa kila aliyefanya biashara naye alimdhulumu. Tunasema kwamba mkataba wa kulipwa mara moja, unaomwachia mnunuzi kazi yote milele, humfaa mnunuzi tu. Kanda ikinakiliwa, ikionyeshwa katika televisheni, kisha ikaingizwa katika intaneti, mchekeshaji hapati hata senti, na mara nyingi hana nakala ya karatasi aliyotia sahihi.

Wapo watakaojibu kwamba sheria zipo. Ni kweli. Bara wana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nasi Zanzibar tunayo yetu ya mwaka 2003. Lakini sheria haimsomei mtu mkataba usiku anapohitaji fedha za karo. Kazi hiyo yataka ofisa, tena aliye karibu.

Na iko habari ya matibabu. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulipoanza mwaka 2023, ulitangulia kuwachangisha watumishi wa umma, ambao mwajiri wao anajulikana na mshahara wao hukatwa kabla haujafika mkononi. Mchekeshaji mwajiri wake ni nani? Leo yuko harusini Mkoani, kesho katika tangazo la sabuni, keshokutwa hana kitu.

Tunawaomba wakubwa wanaohusika waandae mfano wa mkataba kwa Kiswahili chepesi, wenye muda maalumu na fungu la msanii kila kazi inapouzwa upya, na ofisa wa kuusoma pamoja naye, Unguja na Pemba, kabla hajatia sahihi.