Kabla Hujanitania Dabi Hii, Nijibu Kwanza: Msibani Kwangu Ulifika?

Zimebaki siku tatu tu, na kama uko Kariakoo huna haja ya kuangalia kalenda. Mtaa wa Kongo wote ni jezi nyekundu na kijani na njano. Mama ntilie ukimwambia nipe wali maharage anakuuliza kwanza we timu gani, ndo ajue kama anakuongezea mchuzi au anakupunguzia. Jana nimepanda mwendokasi kutoka Gerezani, humo ndani kelele tupu, mpaka bibi mmoja aliyebeba kuku kwenye kikapu akawa anajibu, "Mtapigwa tu!"

Hiyo ndo dabi yetu. Kutoka makao makuu ya Simba pale Mtaa wa Msimbazi mpaka ya Yanga kule Jangwani ni mwendo wa miguu, hata chupa ya maji haijaisha. Yanga imezaliwa 1935, Simba 1936, na jina hili la Simba limekuja 1971, kabla ya hapo wakiitwa Sunderland. Kwa hiyo huu ugomvi ni wa majirani wa tangu enzi za mkoloni. Babu zetu wameurithisha kwa baba zetu, nasi tumeupokea pamoja na madeni yake.

Mimi ni Simba, naweka wazi kabisa usije ukasema nimejificha. Lakini leo sijaja kutabiri matokeo. Leo nataka niongelee kitu kinaniumiza kila wiki ya dabi ikifika, nacho ni hawa mastaa wetu na machawa wao.

Kuna staa mmoja, jina simtaji, ninyi mnamjua. Misimu miwili iliyopita alikuwa anavaa nyekundu mpaka soksi. Leo yupo kijani, na kesho akiitwa na mwenye mfuko mkubwa atarudi. Hilo wala halina shida, kila mtu na tumbo lake. Shida yangu ni mchezo wake wa wiki ya dabi. Anafungua laivu usiku, anapandisha mashabiki wawili, mmoja Simba mmoja Yanga, wanatukanana. Anayetukana kwa uchungu zaidi anatumiwa elfu hamsini kwenye simu. Watu wanacheka, mioyo inapanda kwenye skrini, naye anapata watazamaji wa kwenda kuwauzia wenye matangazo.

Sasa sikiliza stori ya kitaani kwetu.

Kuna jamaa wawili, wamekua pamoja, wamesoma shule ya msingi dawati moja. Mmoja Simba, mwenzake Yanga. Walikuwa na mashine ya juisi ya miwa, wameinunua kwa kuchangishana, wanakaa nayo pale kona. Miwa ananunua mmoja, barafu mwingine, jioni wanagawana. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa kwa mkopo pale.

Mnakumbuka tarehe 5 Novemba 2023. Sipendi kukumbuka ila tuseme ukweli, Yanga walitupiga tano kwa moja kwa Mkapa, na siku chache baadaye kocha wetu akafungashiwa virago. Mwezi ule ule baba yake huyu jamaa wa Simba akafariki. Mzee alikuwa na sukari miaka mingi, tulijua hali yake. Alikuwa Simba damu, wa zile enzi za 1977 tulipowafunga Yanga sita bila na Kibadeni akapiga tatu peke yake. Hiyo stori alikuwa anaisimulia hata kama hujamuuliza.

Siku ya mazishi yule rafiki wa Yanga ndo alikuwa wa kwanza kufika. Usiku wa kuamkia mazishi amekesha. Maji amebeba yeye, turubai amefunga yeye, kaburi amechimba na wenzake. Wakati watu wamekaa kimya kabisa, akasimama na jezi yake ya Yanga, akasema kwa sauti, "Mzee umeona tano ni nyingi, umeamua kukimbia!"

Wadau, watu walicheka msibani. Aliyefiwa akacheka mpaka machozi yakabadilika, yakawa ya aina nyingine. Mama mjane akacheka huku amejifunika kanga, akasema mpeni huyo mtani chai. Wazee walioelewa walitikisa kichwa tu. Utani ndo huo.

Sasa rudi kwenye laivu. Dabi nyingine ikafika, wale jamaa wawili wakasema twende kwa yule staa, tutukanane kidogo, elfu hamsini tugawane pasu kwa pasu, tununue kisu kipya cha mashine. Mchongo wa kawaida tu, wakapandishwa. Wakaanza na yale ya siku zote, sijui makolo, sijui utopolo, sijui vyura wa Jangwani mvua ikinyesha mnaogelea. Staa akasema hapana, hii baridi, ongezeni moto, mnanilaza usingizi. Chawa wake anaandika chini, "Mtoe mzazi! Mtoe mzazi!" Watu maelfu wanaangalia.

Yule wa Yanga akasema maneno yale yale. "Baba yako aliona tano akakimbia kaburini."

Neno kwa neno, karibu sawa na ya msibani. Safari hii hakucheka mtu wa maana. Waliocheka ni watu hawamjui mzee, hawajui alikuwa anakaa nyumba gani, hawajala hata punje ya wali wa msiba wake. Staa akapiga makofi, akasema huyu ndo mshindi. Klipu ikakatwa, ikazunguka mpaka kwenye simu ya mama mjane, safari hii ikiwa na muziki na katuni ya jeneza linacheza.

Kesho yake walipigana pale kona. Mmoja ana kovu juu ya jicho mpaka leo. Na hela ilitumwa kweli, staa hakudhulumu. Yule mshindi akapeleka elfu ishirini na tano mlangoni kwa mwenzake, mwenzake akazikataa, akamfungia mlango. Mashine ya miwa ipo uani kwa mtu imefunikwa gunia, inashika kutu. Hawasalimiani.

Hili jambo nimeliwaza sana. Maneno yale yale, mtu yule yule, marehemu yule yule. Kwa nini msibani ilikuwa dawa na kwenye laivu ikawa sumu?

Jibu nimelipata kwa mzee mmoja pale Kariakoo, Mzaramo. Akaniambia, "Mwanangu, sisi na Wasukuma na Wanyamwezi ni watani toka zamani. Mtani anaweza kuja msibani kwangu akalala kwenye kaburi akasema halichimbwi zaidi mpaka mumlipe. Anaruhusiwa, kwa sababu amekuja. Mtani ambaye hajaja msibani akikutania huyo anakutukana tu."

Nimeona huo ndo ukweli wote. Utani una malipo yake, na malipo yenyewe ni kufika. Umefika kwangu nikiwa na shida, una haki ya kunicheka nikifungwa. Hujawahi kufika, kaa kimya.

Nina mfano wangu mwenyewe. Mimi nauza kava za simu Mtaa wa Aggrey, meza ya pili yake ni mtani wangu wa Yanga, anauza chaja na waya. Baada ya ile tano yule mtu alinitesa wiki tatu. Mteja akija kuuliza kava bei gani, yeye anajibu kabla yangu, "Tano!" Nikimuomba chenji ananinyooshea kiganja kizima. Asubuhi nikimsalimia "mtani umeamkaje" ananijibu "nimeamka mara tano."

Halafu mama yangu akaanguka, saa nne asubuhi, simu inapigwa nyumbani. Nimechanganyikiwa, hata viatu sivioni. Yule mtani akafunga meza yake na yangu, akasimamisha bodaboda, akaja na mimi hospitali. Siku nzima hajauza kitu. Jioni daktari anasema mama yuko sawa, presha imeshuka, huyu jamaa ananigeukia pale kwenye benchi ananiambia, "Mtani, mama akitoka tu nakudai bado tano zangu." Mama alivyosikia hiyo habari alicheka kitandani. Sasa mtu kama huyo hata akinitania mpaka 2050 nitamkasirikia vipi?

Na Kariakoo tumefundishwa hili somo kwa njia ngumu. Mwaka 2021, tarehe 3 Julai, Yanga wametufunga moja bila kwenye mechi iliyotakiwa kuchezwa Mei ikaahirishwa sababu ya kubadilishwa muda. Wiki moja tu baadaye, usiku wa tarehe 10 Julai, Soko Kuu la Kariakoo likaungua. Watu mitaji yao ikawa majivu, wa Simba na wa Yanga. Moto haukuuliza kadi ya uanachama. Tarehe 25 mwezi ule ule zikakutana tena fainali Kigoma, sisi tukashinda moja bila, na kuna watu waliangalia ile mechi huku hawana hata meza ya kurudi Jumatatu.

Na Novemba 16, 2024, Jumamosi, ghorofa lilipodondoka hapa hapa Kariakoo na watu wengi wakapoteza maisha. Asubuhi ile nilikuwa nakwenda kufungua meza. Niliona vijana wanatoa zege kwa mikono. Vumbi lilikuwa limewafunika wote, hata angevaa jezi usingejua ni ya rangi gani. Wale ndo watani.

Najua mtaniambia, "Bro acha wivu, mastaa ndo wanaipa dabi kiki. Bila wao jezi zitauzwa vipi?" Sawa, nakubali wanasaidia biashara, hata mimi wiki hii kava za Simba na Yanga ndo zinanilipia kodi. Lakini dabi haikuzaliwa na bando. Mwaka 1974 zilikutana Mwanza, Yanga wakashinda mbili kwa moja, watu walifuatilia redioni na mpaka leo wazee wanabishana kuhusu mechi ile kama imechezwa jana. Hakukuwa na chawa hata mmoja.

Na tukumbushane tarehe 8 Machi 2025. Simba tukasema tumezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, tukagoma, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ile ile ya mechi. Watu wametoka mikoani, wamelala kwenye basi, wamefika Dar hakuna mpira. Sisi kwetu tulilala na wageni wawili wa Yanga kutoka Mbeya, ndugu wa jirani, chini kwenye mkeka, mama akawapikia ugali na dagaa. Mechi yenyewe imekuja kuchezwa Juni 25, tukafungwa mbili bila na ubingwa wakachukua wao. Wale wa Mbeya walinipigia dakika ya mwisho wakicheka, wakasema "asante kwa dagaa." Iliniuma, na nilicheka. Nauliza tu, kati ya wale mastaa waliokuwa wanapiga kelele "twendeni kwa Mkapa", nani alimlipia mtu nauli ya kurudi?

Kwa hiyo wiki hii mimi nina masharti yangu, wewe chukua au acha.

La kwanza, nitanie kama unajua nyumbani kwetu. Kama hupajui, tuongelee mpira tu: nani acheze namba sita, refa nani, kona ngapi.

La pili, mzazi wa mtu, mgonjwa wa mtu na marehemu wa mtu havipandishwi laivu hata kwa milioni. Una utani wa msiba? Upeleke msibani, pamoja na sukari kilo mbili.

La tatu, usiweke dau kitu ambacho si chako peke yako. Pikipiki ya mkataba si yako. Kodi ya chumba si yako, ni ya mkeo na watoto pia.

Na wewe staa, kama unapita hapa, sikuchukii. Nyimbo zako nazicheza mezani kwangu. Ila elfu hamsini yako imekula mashine ya juisi, na imekula urafiki wa miaka ishirini. Kama kweli wewe ni mwana dabi, siku moja fika kitaani bila kamera.

Nimalizie na hili. Siku ya mechi nitakuwa banda umiza la kule kwetu, kiingilio buku mbili. Nimelipia nafasi tatu mbele kabisa, benchi moja. Yule jamaa wa Simba nimemwambia aje tuangalie mechi. Yule wa Yanga nimemwambia aje tuangalie mechi. Hakuna aliyeambiwa habari za mwenzake.

Najua wote wawili mnasoma hapa kila siku, basi sasa mmeshajua. Njooni hivyo hivyo. Mimi nitakaa katikati, na atakayefungwa ndo atatoa mashine uani na kuisugua kutu.

Wadau, na wewe kuna mtani mmesusiana sababu ya dabi? Dondosha hapo chini, tusaidiane kabla filimbi haijapulizwa. Na Mnyama anashinda, hilo halina mjadala.